Bega lililoganda: mazoezi ya nyumbani au safari ya kwenda kwa kine?

(Maneno tuliyotoa mbele ya wanachama kwenye mkutano wa chama, Baraka. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa ajili ya wafadhili wetu.)



Leo hatukuja kusema mambo ya mbegu wala ya mabati. Tumekuja kusema mambo ya bega. Najua kuna mtu atauliza, bega linaingiaje katika chama cha waliorudi? Linaingia kwa mlango wa kese. Komite imeletewa maombi ya wanachama wanaotaka kese iwalipie usafiri wa kwenda Uvira, wengine mpaka Bukavu, kufanya kine kwa sababu mkono umekataa kupanda. Komite ikatuuliza sisi: je, kweli ni lazima waende? Au mtu anaweza kufanya mazoezi pa nyumba akapona vilevile?

Swali ni zuri na linahitaji jibu la kweli. Tukijibu vibaya upande mmoja, tutamaliza kese kwa barabara. Tukijibu vibaya upande mwingine, tutamwacha mama akae mwaka mzima hawezi kusuka nywele za mtoto wake, hawezi kutwanga sombe, hawezi kujitwisha bidoni ya maji, na shamba lake linarudi kuwa pori. Sisi tuliorudi toka kambini tunajua maana ya shamba kurudi pori. Wengi wetu tulilikuta hivyo siku tuliposhuka kwenye mashua, na tulilifyeka upya kwa mikono hii hii.

Tulivyo na kawaida, tutaanza na ugonjwa wenyewe, halafu tutapima njia zote mbili, halafu tutaleta pendekezo.

Bega hili ni la namna gani?

Watu wanasema "bega limekauka", wengine "bega limeganda". Wengine wanasema "mkono umefungwa", na hapo wanaanza kutafuta nani amewafunga. Tuseme wazi: hakuna mtu aliyekufunga. Ugonjwa huu unajulikana dunia nzima. Mganga wa Ufaransa, Duplay, aliuandika mwaka 1872. Mganga wa Marekani, Codman, aliupa jina la "bega lililoganda" mwaka 1934. Wajapani wana jina lao: wanaliita bega la miaka hamsini, kwa sababu linapenda kuwashika watu wa umri huo. Na ni kweli, mara nyingi linashika watu wa miaka 40 mpaka 60, na wamama zaidi kuliko wababa.

Ndani ya bega, kichwa cha mfupa wa mkono kinakaa kwenye kisahani kidogo. Kiungo chote kimezungukwa na mfuko laini. Mtu mzima akiwa hana tatizo, mfuko huo uko legevu, unamruhusu kupeleka mkono juu, nyuma na pembeni. Katika ugonjwa huu mfuko unavimba, halafu unakuwa mnene, halafu unanywea. Ni kama shati lililofuliwa likanywea kwapani: mkono upo, nguvu zipo, lakini nguo haikuachi uinue.

Kwa kawaida unapita katika vipindi vitatu. Kwanza kipindi cha maumivu: usiku ndio mbaya zaidi, mtu hawezi kulalia upande ule, na kila wiki mkono unapungua kupanda. Pili kipindi cha kuganda: maumivu yanapungua kidogo, lakini bega ni gumu kama mlango wenye kutu. Tatu kipindi cha kuachia: polepole mkono unarudi. Safari yote inaweza kuchukua mwaka mmoja mpaka mitatu. Wengi wanarudi vizuri. Wengine wanabaki na ugumu kidogo.

Wanachama wanatuambia: "Ni jembe ndilo limeniharibia." Tunaelewa kwa nini wanafikiri hivyo. Lakini mara nyingi bega hili linakuja bila sababu inayoonekana, hata kwa mtu ambaye hashiki jembe. Mara nyingine linakuja baada ya mkono kufungwa muda mrefu kwa sababu ya kuvunjika au upasuaji. Na kuna jambo moja ambalo tunaomba msilisahau: ugonjwa wa sukari. Watu wenye sukari wanapatwa na bega hili mara nyingi kuliko wengine, na wanachelewa kupona. Kwa hiyo mtu ambaye bega limeganda bila sababu anastahili kupimwa sukari. Pengine bega ndilo litakalomwokoa, kwa sababu limetoa habari ya ugonjwa mkubwa uliokuwa umejificha.

Si kila bega linalouma limeganda

Hapa ndipo tunapoanza kupima njia mbili, kwa sababu mazoezi ya nyumbani yanasaidia ugonjwa ule tu ambao umejulikana.

Kuna kipimo rahisi. Kaa, bana viwiko vyote viwili mbavuni, vidole vielekee mbele. Sasa fungua mikono kwenda nje, kama mtu anayefungua milango miwili ya kabati, bila viwiko kuachana na mbavu. Bega lililoganda haliendi. Halafu mwambie mwenzako akusaidie polepole kuupeleka mkono ule. Kama yeye naye unamgomea, dalili ya kuganda iko. Lakini kama mwenzako anaweza kuupeleka vizuri na wewe mwenyewe huwezi, pengine ni mshipa wa bega uliochoka au uliokatika, na hiyo ni kazi nyingine.

Sasa sikilizeni haya. Mtu asianze mazoezi ya nyumbani, aende kwanza hospitali, kama:

- bega lilianza siku alipoanguka, alipopigwa, au alipopata ajali ya moto; pengine limeteguka au mfupa umevunjika;
- ana homa, bega ni la moto na limevimba;
- anakonda, anakohoa, anatokwa jasho usiku;
- mkono umekufa ganzi au vidole vinakosa nguvu;
- ana uvimbe kwenye titi au kwapani;
- maumivu ya bega la kushoto yanakuja na kubanwa kifua, jasho na kukosa pumzi. Huyu asingoje asubuhi.

Ndiyo maana tunasema mtu mwenye ujuzi wa kupima ni lazima amwone mgonjwa walau mara moja. Hilo hatulijadili. Tunachojadili ni kinachofuata: baada ya kupimwa, je, ni lazima aende tena na tena?

Mazoezi ya nyumbani: uzuri wake na ubaya wake

Uzuri wa kwanza ni bei: hakuna moto ya kulipa, hakuna siku ya shamba iliyopotea. Uzuri wa pili ni kwamba bega lililoganda linapenda kidogo-kidogo mara nyingi. Dakika kumi asubuhi, mchana na jioni zinalisaidia kuliko saa moja ya mara moja kwa wiki. Hata kine mwenye ujuzi kupita wote hawezi kukaa nawe asubuhi, mchana na jioni. Uzuri wa tatu ni kwamba mtu anajifunza mwili wake mwenyewe. Barabara ikifungwa, au mambo yakiharibika tena kama tulivyozoea kuona, mazoezi anayo bado.

Ubaya wake tunaujua pia. Mtu anaanza na moto wiki ya kwanza. Wiki ya tatu ameacha, kwa sababu haoni mabadiliko. Mwingine anafanya vibaya: anainua bega zima mpaka sikioni, anadhani mkono umepanda, kumbe ni shingo inayofanya kazi. Mwingine anaogopa maumivu, hafiki mahali pa kufaa. Mwingine, hasa wababa, anafanya kwa hasira, anataka kulivunja lile ganda kwa siku moja. Na mama wa nyumbani, nani atampa zile dakika kumi? Mara mtoto analia, mara sufuria inachemka.

Kine: uzuri wake na ubaya wake

Kule Tanzania tulizoea kusikia "fiziotherapia". Hapa kwetu tunasema kine. Ni kazi ileile. Kine anapima, anajua uko kipindi gani, anashika kiungo kwa mikono na kukisogeza kwa namna ambayo huwezi kujifanyia mwenyewe. Anakurekebisha palepale. Na tusidharau jambo hili: anakutuliza. Mtu aliyekaa miezi sita bila usingizi anahitaji kuambiwa na mtu mwenye elimu kwamba huu si mwisho wa mkono wake.

Ubaya wake kwetu hapa si kine mwenyewe, ni njia. Mnaijua barabara ya kwenda Uvira wakati wa mvua, mnajua na zile kona za Ngomo kabla ya kufika Bukavu. Mtu mwenye bega la kipindi cha maumivu, mpandishe moto saa nyingi, akishikilia kwa mkono uleule unaouma. Anafika kwa kine bega limewaka, na akirudi linawaka tena.

Tufanye hesabu. Tuchukue mpango wa kine wa mara 12, ambao ni wa kawaida katika majaribio tutakayoyataja. Mara 12 kwenda na mara 12 kurudi ni safari 24. Kwa mtu mmoja. Wakiwa watano, ni safari 120. Bei ya moto na ya gari mnaijua wenyewe, zidisheni. Hapo hatujahesabu chakula cha njiani, wala siku za shamba, wala mtoto aliyeachwa kwa jirani.

Watafiti wamekuta nini?

Tusiamini maneno ya mtu mmoja, hata yetu. Tuangalie walivyopima wengine.

Uholanzi, mwaka 2004, waganga walifuata wagonjwa 77 kwa miaka miwili. Kundi moja lilifanyiwa kine ya nguvu, kuvutwa mkono mpaka kupita mpaka wa maumivu. Kundi la pili lilielezwa ugonjwa vizuri, likapewa mazoezi mepesi ndani ya mpaka wa maumivu, na likaambiwa liendelee na kazi zinazovumilika. Baada ya miaka miwili, katika kundi la upole watu 89 kwa mia walikuwa na bega zima au karibu zima. Katika kundi la nguvu walikuwa 63 kwa mia. Jaribio ni dogo, si neno la mwisho. Lakini linatufundisha jambo kubwa: kuvuta kwa nguvu hakuharakishi, pengine kunachelewesha.

Kanada, mwaka 2003, walichukua wagonjwa 93. Wote walifanya mazoezi ya nyumbani. Halafu wakagawanywa kwa kura: wengine wakaongezewa sindano ya kortizoni ndani ya kiungo, wengine wakaongezewa kine, wengine vyote viwili, wengine sindano ya maji ya chumvi tu. Baada ya wiki sita, waliopata kortizoni walikuwa mbele, na kine juu ya sindano iliharakisha mkono kupanda. Lakini baada ya mwaka mmoja makundi yote manne yalikuwa yamefika karibu mahali pamoja.

Uingereza, mwaka 2014, walichukua wagonjwa 75 na kuwagawanya katika makundi matatu: mazoezi ya nyumbani peke yake, kine wa mtu mmoja-mmoja, na darasa la mazoezi, yaani wagonjwa wanafanya pamoja na kine anawaongoza. Nani alishinda? Darasa. Waliofanya pamoja walipona upesi kuliko waliokuwa na kine peke yao, na kuliko waliofanya nyumbani peke yao.

Na mwaka 2020, Uingereza tena, walitoa matokeo ya jaribio kubwa la wagonjwa 503. Walilinganisha namna mbili za kutibu mtu akiwa amelazwa usingizi wa dawa, mojawapo ikiwa upasuaji, na mpango wa kine wa mpaka mara 12 pamoja na sindano ya kortizoni. Baada ya mwaka, hakuna njia iliyoipita nyingine kwa kiasi ambacho mgonjwa angekiona kwenye maisha yake. Kwa hiyo, mtu yeyote asiuze shamba wala ng'ombe ili akapasuliwe bega hili kabla hajajaribu njia nyepesi.

Tukiweka yote pamoja tunaona mambo matatu. Kine anaharakisha, hasa miezi ya mwanzo. Mwisho wa safari, tofauti kati ya njia inapungua. Na kufanya pamoja chini ya jicho la mtu anayejua kunasaidia kuliko kufanya peke yako.

Pendekezo letu

Ndugu zetu, jambo la kufanya pamoja sisi hatukulijifunza Uingereza. Likilimba tumelima, nyumba za udongo tumesimamishiana, kambini tulikuwa na vikundi vya kila kitu. Kwa hiyo pendekezo letu halisemi "nyumbani" wala halisemi "kwa kine". Linasema hivi:

Kwanza, badala ya wagonjwa kwenda kwa kine, kine aje kwetu. Kese ilipe usafiri na siku ya kazi ya kine mmoja, mara tatu: wiki ya kwanza, wiki ya sita, na wiki ya kumi na mbili. Hizo ni safari sita kwa kikundi kizima. Linganisheni na zile 120.

Pili, siku ya kwanza kine ampime kila mtu, na wale wenye alama za hatari watumwe hospitali. Siku hiyohiyo kituo cha afya kipime sukari ya kila mwenye bega hili. Ambaye hali yake inataka mikono ya kine kila mara, huyo kese imlipie safari zake. Hawatakuwa wengi, na hatutamwonea mtu.

Tatu, wanachama wawili, mmoja mama na mmoja baba, wafundishwe na kine kuongoza mazoezi. Hawa si waganga. Kazi yao ni kuongoza, kuangalia kama bega linapanda kwa uongo, na kumtuma mtu hospitali akiwa na alama za hatari.

Nne, kikundi kikutane mara mbili kwa wiki kwenye kiwanja cha chama, mapema kabla ya shamba, kwa wiki 12. Siku nyingine kila mtu afanye pa nyumba.

Mazoezi yenyewe

Kabla ya kuanza, weka kitambaa chenye maji ya moto begani kwa dakika kumi, angalia usijiunguze. Halafu:

1. Kuning'iniza. Inama, shika meza au kiti kwa mkono mzima. Acha mkono mgonjwa uning'inie kama ndoo kwenye kamba. Yumbisha mwili ili mkono wenyewe uende mbele na nyuma, pembeni, halafu kuzunguka. Dakika moja au mbili. Hili ni zoezi la kila mtu, hata wa kipindi cha maumivu.

2. Kusukuma kitambaa mezani. Kaa mbele ya meza, weka mkono juu ya kitambaa, usukume mbele huku ukiinama mpaka unapohisi kuvutwa. Rudi. Mara kumi.

3. Fimbo. Lala chali kwenye mkeka, viwiko mbavuni, shika fimbo kwa mikono yote miwili. Mkono mzima usukume mgonjwa kwenda nje. Shikilia ukihesabu polepole mpaka kumi na tano. Rudia mara tano mpaka kumi. Zoezi hili ndilo wengi wanaliacha, na ndilo linaligusa lile ganda lenyewe.

4. Kupandisha vidole ukutani. Simama mbele ya ukuta, tembeza vidole juu kama mjusi. Pale vilipofika, mwenzako apige alama kwa mkaa. Kila Jumapili alama mpya.

5. Kitenge nyuma ya mgongo. Kishike kama unavyojisugua mgongo na taulo: mkono mzima juu ya bega, mgonjwa chini kiunoni. Mzima uvute polepole kwenda juu. Hili ni la baadaye, maumivu ya usiku yakishapungua. Usiharakishe.

Kuna sheria ya maumivu, na tunaomba kila mtu aishike kichwani. Kuvutwa na kuuma kidogo wakati wa zoezi ni sawa. Baada ya muda mfupi maumivu yarudi yalivyokuwa. Kama bega linakuuma zaidi mpaka usiku, au ukaamka nalo bado, umezidisha. Kesho punguza, lakini usiache.

Usiku, lala chali, weka kitenge kilichokunjwa chini ya mkono ili bega lisidondoke nyuma, au lalia upande mzima na kukumbatia mto.

Mambo ya kutofanya

Usiufunge mkono kifuani na kuuacha hivyo wiki nyingi. Ni kuliambia bega "ganda zaidi."

Usikubali mtu auvute mkono kwa ghafla, hata kama jirani anasema ana mikono ya baraka. Mifupa ya mtu mzima inaweza kuvunjika. Kukandwa polepole kwa mafuta hakuna ubaya, kunatuliza. Lakini kukandwa peke yake bila mazoezi hakufungui kiungo.

Usinunue vidonge vya dexa kwenye duka la dawa na kuvimeza kwa wiki nyingi bila mganga. Vinapandisha sukari na presha, na ukizoea, kuviacha kwa ghafla ni hatari. Parasetamoli kwa kipimo chake inatosha kwa wengi. Ibuprofeni si ya mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au presha mpaka aulize. Sindano ya kortizoni ndani ya bega inasaidia, hasa mwanzoni, lakini ichomwe na mganga anayejua kazi, mahali safi. Mwenye sukari amwambie kabla, kwa sababu sukari inaweza kupanda siku chache.

Kwa wafadhili wetu

Marafiki, tunajua mnapenda kuona kitu cha kupiga picha: mashine, kitanda, chumba chenye rangi mpya. Kwa ugonjwa huu hatuombi mashine. Mikeka, fimbo na vitenge tunavyo. Tunaomba mambo manne: usafiri na siku tatu za kine, mafunzo ya viongozi wawili, vipimo vya sukari, na akiba ndogo ya kuwalipia safari wale ambao kine ataona wanahitaji kumfuata.

Nasi tutawapa hesabu ya namna hii. Kila mgonjwa atakuwa na ukurasa wake kwenye daftari. Tutaandika alama ya mkaa imefika wapi, na majibu ya maswali matatu: Unalala usiku? Unaweza kuchana nywele zako? Unaweza kujifunga kitenge au mkanda nyuma? Mtu akijibu "ndiyo" mara tatu, mtajua pesa yenu ilikwenda wapi. Asipojibu "ndiyo" baada ya wiki 12, hatutaficha. Tutaandika, na kine ataamua.

Hatuahidi kwamba kila bega litafunguka ndani ya wiki 12. Ugonjwa wenyewe una muda wake. Tunachotarajia ni usingizi kurudi mapema, mtu kujua anafanya nini, na kese kutomalizika kwa barabara.

Neno kwa walio nyumbani na mgonjwa

Kabla ya kumaliza, neno kwa wababa na kwa watoto wakubwa. Bega hili halionekani. Hakuna kidonda, hakuna bendeji. Kwa hiyo mama anaambiwa ni mvivu, anaambiwa anaigiza. Tumesikia hivyo kwenye nyumba zaidi ya moja. Jaribu wewe siku moja kuvaa shati kwa mkono mmoja, kusonga bugali kwa mkono mmoja, kuoga mtoto kwa mkono mmoja. Kama unataka mkeo apone upesi, mpe zile dakika kumi mara tatu. Chota maji wewe. Hiyo nayo ni kine.

Na wewe mgonjwa, usiache kazi zote. Fanya zile zinazovumilika: fagia, chagua maharage, fua nguo nyepesi. Acha kwa muda kutwanga, kunyanyua beseni kichwani, na kuvuta nyavu. Utarudi kwa jembe kwa hatua, si siku moja.

Swali sasa liko mikononi mwenu

Komite itaweka pendekezo hili mbele ya mkutano mkuu. Tunaomba mamuzi mawili: kama mnakubali kese ilipe kine aje badala ya wagonjwa kwenda, na nani wawili mtawachagua wafundishwe. Wale mliokwisha kuandika maombi ya usafiri, maombi yenu hayakutupwa. Ninyi ndio mtapimwa wa kwanza, na atakayeonekana anastahili safari atasafiri.

Mwenye swali la bega lake mwenyewe asione haya. Aje baada ya mkutano, tutamwonyesha kile kipimo cha kabati, na zoezi la kuning'iniza anaweza kuondoka nalo leo.